Mpeasi wa Theuri Uliokaa Pipani

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Theuri alitoka nje na kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, amelijaza maji, akaenda kuunywesha mti wake. Kopo moja, basi. Kiangazi kikikaza, mawili. Alimwaga polepole akiuzunguka, maji yasije yakachimba udongo, kisha akagonga pipa kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, akatega sikio kama daktari.

"Umeamka?" aliuuliza mti. Ndipo aliporudi jikoni kuwasha moto.

Pipa? Ndiyo, pipa. Mti wenyewe ulikuwa mpeasi, na haukupandwa ardhini kama miti ya watu. Ulikaa ndani ya nusu ya pipa la lami lililotobolewa matundu chini, pembeni mwa nyumba yake ya mabati pale Ruring'u, Nyeri, upande ule shamba linapoanza kuteremka mtoni. Ulikuwa umempita Theuri kwa kichwa na mabega, na kila mwaka ulizaa peasi thelathini hivi, ngumu za kuvunja meno, ambazo alizifukia kwenye majani makavu mpaka zilainike, halafu akawagawia majirani. Watoto waliokuwa wakienda uwanjani kucheza mpira walimtania, wakimwita guka, yaani babu.

"Guka, mbona umefungia mti jela?"

"Ili usizurure kama nyinyi," aliwajibu, nao wakakimbia wakicheka.

Sababu ya pipa ilikuwa hii: Theuri alikuwa muhoi. Kwa Wagikuyu, muhoi ni mtu asiye na ardhi ambaye mwenye shamba amemkaribisha alime na ajenge, bila kununua, bila kodi, kwa urafiki tu. Baba yake Theuri alikuwa kizuizini enzi za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, mashamba ya Nyeri yalipopimwa na kugawanywa. Aliporudi alikuta kila mtu ana kipande chake, na yeye ana koti lake. Theuri akarithi koti. Alipomwoa Murugi hawakuwa na pa kutegesha hata mafiga matatu, mpaka mzee Wambugu, ambaye Theuri alikuwa amemchimbia kisima, alipomshika mkono akamwonyesha kona ile ya chini.

"Lima hapa, kaa hapa," Wambugu alimwambia. "Nikiwa hai hakuna mtu atakuuliza swali."

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wa Nyeri walikuwa na kipande chao cha kuongezea: mpe jembe, usimpe mche. Muhoi alipanda viazi, maharagwe, kabichi, vitu vya kuliwa vikaisha. Mti wa kudumu hakupanda, kwa kuwa anayepanda mti ni kama mtu anayeketi na kuvua viatu. Anasema, mimi hapa siondoki. Sheria hiyo Theuri aliipata kwa baba yake, akaishika kama wengine wanavyoshika Kwaresima. Miaka thelathini na minne hakupanda hata mparachichi mmoja. Murugi alipofariki, miaka minne iliyopita, hakuomba hata kumzika pale. Alimpeleka makaburi ya mji. Kaburi nalo ni mti wa kudumu.

Mpeasi ulitoka Timau, kwa Mdachi.

Kabla magoti hayajamkatalia, Theuri alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye shamba moja la maua huko Timau, akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Msimamizi wa nyumba za waridi alikuwa Mholanzi mmoja mrefu, Mdachi kama walivyosema pale, jina lake Joost, lakini wafanyakazi walimwita Yosti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunja mbavu, ila hadithi alizipenda. Wakati wa kungoja lori la maua alikaa juu ya kreti akawasimulia ile ile siku zote, jinsi New York, mji ule wa Marekani wenye maghorofa ya kukata mawingu, ulivyoanzishwa na watu wa kwao, ukaitwa Amsterdam Mpya. Palikuwa na ngome ya udongo, vinu vya upepo, nguruwe wanaozurura njiani, na ukuta wa magogo upande wa kaskazini. Kisha Waingereza wakaja na manowari. Gavana wa Wadachi, mzee mkali mwenye mguu mmoja wa mti, alitaka kupigana, lakini watu wake mwenyewe wakamsihi asipige hata risasi moja. Akauachia mji, ukabadilishwa jina, naye akaenda zake kukaa shambani kwake nje ya mji. Hapo shambani alikuwa na mpeasi alioutoa ng'ambo.

"Gavana kwisha," Yosti alimalizia kila mara, akiinua kidole. "Jina ya mji kwisha. Mti iko! Miaka mia mbili ishirini, mti iko!"

Alipokaribia kurudi kwao, Yosti alipandikiza vijiti vya mpeasi kwenye miche ya kienyeji, akampa Theuri mche mmoja. "Wewe panda nyumbani," alimwambia. Theuri aliona haya kumweleza kwamba nyumbani hakuna ruhusa ya kupanda. Akashukuru, akatafuta pipa.

Kila mwaka, majira ya baridi, yeye na Murugi waliulaza mti ule, wakapunguza mizizi kwa kisu kama Yosti alivyomfundisha, wakabadilisha udongo, wakausimamisha tena. Murugi alishika upande mmoja, yeye upande mwingine. Baada ya Murugi kuondoka hapakuwa na wa kushika upande wa pili, na pipa halikulazwa tena.

Hadithi nayo ilihamia Ruring'u pamoja na mti. Karibu na lango la uwanja palikuwa na Salim, fundi wa nguo, ambaye babu yake alikuja Nyeri na msafara wa zamani na hakuondoka. Kibarazani kwa Salim ndipo Theuri aliposimulia, mara ya mia, watu wakija kuchukua suruali wakajikuta wamekaa. Wakamwita Theuri Mdachi.

"Wenyeji wa kile kisiwa mji ulipojengwa," Theuri alisema siku moja, "walipewa vitu, nguo na vyombo, vya gilda sitini, pesa ya kwao. Wadachi wakasema, tumenunua. Wenyeji, hivyo ndivyo wengi wanasema, walifikiri ni zawadi ya mgeni. Ati wamekaribisha watu walime, wawinde, halafu maisha yaendelee."

"Kama wewe na Wambugu," Salim akasema.

"Kabisa! Wale Wadachi walikuwa ahoi, kama mimi. Shida ni kwamba walipanda miti."

Kibaraza kizima kilicheka, na Salim akaacha kukanyaga cherehani ili asishone kidole.

Basi mwaka huu, mwezi wa sita, mambo mawili yakaja wiki moja. La kwanza lilikuja kwa simu. Njoki, binti yake wa pekee, anafanya kazi Timau kwenye maua kama baba yake, na analea mtoto wake Wendy, wa miaka tisa, kwenye chumba cha kampuni.

"Baba! Chama chetu cha akiba kimegawa shamba! Nimepata namba kumi na tisa. Iko na mawe mengi, lakini iko na jina yangu."

"Haiya! Jina yako, kwa karatasi?"

"Kwa karatasi. Njoki wa Theuri." Akashusha sauti. "Lakini kuna sheria, Baba. Kufika mwisho wa mwezi wa nane lazima kuwe na mtu anakaa pale na analima. Kama hakuna, inapewa yule anafuata. Walichoka na watu wa kununua halafu wanaachia ng'ombe."

"Si uhamie."

"Nihamie vipi, na naingia kazi saa kumi na mbili? Wendy abaki na nani huko mchana, kwa mawe? Lazima kuwe na mtu wa mchana, Baba. Mtu wanamwona na jembe. Na mimi sina mtu mwingine. Ni wewe."

Theuri aliangalia magoti yake. Aliukumbuka upepo wa Timau, unaotoka mlimani ukipita juu ya ngano bila kupiga hodi, unaotikisa mabati mpaka misumari inalegea. Hapa Ruring'u alijua kila mtu. Kanisani alikuwa na kiti chake. Kwa Salim alikuwa na stuli yake.

"Wacha nifikirie, mama," akasema.

La pili lilikuja Jumamosi, kwa miguu. Mzee Wambugu alikuwa amefariki mwaka uliopita, na wanawe walikuwa wanagawana shamba. Kinyua, kitindamimba, anayefanya kazi ofisi za kaunti kule Kerugoya, alishuka na mpimaji. Walikuwa wanatia vigingi vya saruji kando ya matoka, yale mayungiyungi ambayo Wagikuyu walipanda tangu zamani kuonyesha mpaka. Kinyua alipomaliza akaja hadi mlangoni, akavua kofia.

"Baba Njoki, usiogope. Hakuna mtu anakufukuza."

"Sijaogopa. Kaa, kuna chai."

Kinyua alikaa, akatoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Theuri angekaa kona ile mpaka siku Mungu atakapomwita, asiulizwe na mtu. Hangelipa chochote, ila kila mwaka angepeleka gunia moja la viazi nyumba ya juu, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kwake hiyo haikuwa kodi hata kidogo. Gunia lile alilipeleka kwa mapenzi.

"Baba alituambia kabla hajafa. Theuri msimguse. Sasa tumeweka kwa karatasi, ndiyo hata sisi tukikufa, watoto wetu wasikusumbue."

"Mungu akubariki. Na Njoki?"

Kinyua alizungusha kikombe. "Njoki ako na kazi yake. Atajipanga. Hii ni yako wewe." Kisha, kama mtu anayetaka kuhama mada, akautazama mti nje. "Lakini mzee, nimejiuliza tangu nikiwa mtoto. Kwa nini huu mti uko kwa pipa?"

Theuri alidhani anatania. Alipoona hatanii, akamweleza: jembe na mche, muhoi na mti, viatu vilivyovuliwa.

"Ati nini?" Kinyua aliweka kikombe chini. "Hiyo sheria ni ya lini? Mimi sijawahi kuisikia. Mzee, si ungepanda tu! Nani angekukataza? Baba mwenyewe alikuwa anashangaa. Alisema pengine Wadachi ndio wanafuga miti hivyo."

Alicheka, na hakuwa na ubaya wowote. Alisema atarudi Jumamosi inayofuata na mwanasheria wa kushuhudia sahihi, akaondoka.

Theuri alibaki amekaa mpaka chai ikaota ngozi. Miaka thelathini na minne! Murugi alitaka mparachichi karibu na jiko, akamkatalia. Alitaka mtomoko, akamkatalia. Alitaka kivuli, akamwambia kivuli cha watu hakikaliwi. Na wenye shamba wenyewe walikuwa wamesahau zamani. Yeye, mgeni, ndiye peke yake aliyekuwa akiilinda sheria ya nyumba, kama mlinzi anayelala mlangoni pa duka lililohama.

Aliona uchungu, kisha uchungu ukalainika kama peasi kwenye majani makavu. Sasa anaruhusiwa, si ndiyo? Angetia sahihi, kisha angeutoa mti jela, auteremshe udongoni, akae chini yake mpaka mwisho. Njoki ni kijana, angetafuta mtu mwingine wa kushika jembe. Pengine mwaka ujao chama kingegawa tena. Alijua chama hakigawi tena, lakini alijiambia hivyo.

Alhamisi alichukua koti la baba yake, lile lile, akalipeleka kwa Salim litiwe kiraka kwenye mfuko na lipigwe pasi. Mtu haendi kutia sahihi na mfuko unaoning'inia.

"Mdachi anaoa!" Salim akapiga kelele alipoliona koti.

"Naolewa," Theuri akajibu. "Nimeandikiwa karatasi. Nakaa kwa Wambugu mpaka nife."

"Mashallah. Basi leo ni sherehe. Tupe ile ya watumwa kumi na mmoja. Ile ya furaha."

Palikuwa na wateja wawili wakingoja, na ndani ya duka Sumeya, mke wa Salim, alikuwa anashona vifungo. Theuri akakaa kwenye stuli yake, akakohoa kidogo.

"Kwa hivyo. Ule mji, ni nani aliujenga? Wadachi walikuwa wachache, na mikono yao laini. Kampuni yao ilileta watu weusi, wengine wa Angola, wengine wa wapi, na hao ndio walikata magogo, wakafyeka njia, wakajenga ngome. Miaka kumi na minane! Siku moja wanaume kumi na mmoja wakasema, hapana. Wakaenda kwa gavana aliyekuwako kabla ya yule wa mguu wa mti. Wakamwambia, bwana, tumetumika miaka hiyo yote, tuliahidiwa uhuru, na tuko na wake na watoto wa kulisha."

"Wakapigwa?" aliuliza mteja mmoja.

"Wewe unapenda watu wapigwe! Hawakupigwa. Wakapewa. Wao na wake zao, huru. Na mashamba juu, nje ya mji. Wakalima ya kwao, kabla Waingereza hawajafika, kabla Amerika haijaitwa Amerika kama tunavyoijua." Akapiga goti lake kwa kiganja. "Basi."

Wateja wakasema ehe, ehe. Sumeya alikata uzi kwa meno.

"Baba Njoki, hiyo nimeisikia mara mia," akasema bila kuinua kichwa. "Hao watu walimwambia gavana ati wana watoto. Sasa uhuru unawapa wao na wake zao. Watoto je?"

Theuri aliijua sehemu hiyo. Yosti alikuwa amemwambia. Alimwambia siku ile ile ya kwanza, juu ya kreti, tena kwa sauti ya chini. Lakini Theuri alipoisimulia nyumbani mara ya kwanza, Murugi alikuwa amembeba Njoki mgongoni, akasema: hapo ukate, watu wanataka kwenda kwao na furaha. Akakata pale pale, na tangu siku hiyo hakupashona tena.

"Watoto walibaki watumwa," akasema.

"Wote?" Salim aliuliza.

"Waliozaliwa, na ambao walikuwa hawajazaliwa. Ilikuwa kwa karatasi. Na wale wazazi, kila mwaka walipeleka kwa Kampuni mahindi ama ngano, na nguruwe mmoja mnono. Wakikosa, wanarudishwa utumwani. Yosti alisema huo unaitwa uhuru nusu."

"Astaghfirullah," Sumeya akasema. "Mama analima shamba lake, na mtoto anayemshika sketi ni wa wenyewe? Na wakakubali?"

"Wangefanya nini? Waliendelea kuomba, miaka na miaka, wengine wakawapata watoto wao mmoja mmoja. Lakini siku ile ya karatasi walikubali." Theuri alikuwa anaangalia koti lililolala mezani, mkono wake mmoja umekunjwa chini kama mtu aliyelala vibaya. "Hawakuwa na mahali pengine pa kwenda."

Aliyasikia maneno hayo yakitoka, na yalipotoka hayakumwacha. Mteja mmoja aliuliza suruali yake. Salim akaipiga kofi kutoa nyuzi, akampa. Theuri akaukunjua ule mkono wa koti.

"Salim," akasema mwishowe. "Tia kiraka, lakini usipige pasi. Nitalivaa njiani."

"Njiani kwenda wapi?"

"Namba kumi na tisa."

Jumamosi Kinyua alikuja na mwanasheria, kijana mwenye viatu visivyopenda matope. Theuri aliwapa chai kwanza. Kisha akamwambia Kinyua, mbele ya shahidi, kwamba ana ombi moja. Waongeze jina la Njoki, na la Wendy baada yake.

Kinyua alijikuna shingo. Hakudanganya, na Theuri akamheshimu kwa hilo. "Ningekuwa peke yangu ningeandika sasa hivi. Lakini ndugu zangu hawawezi kukubali. Hii yako tu ilichukua miezi mitatu, wakigombana."

"Najua. Basi usiandike." Theuri akairudisha karatasi ndani ya bahasha, akailaza mbele yake kwa mikono miwili. "Nashukuru. Baba yako alinipa jembe wakati sina hata mpini. Hilo silisahau."

"Mzee, watu watasema tumekufukuza!"

"Waambie nimeenda kupanda mti."

Njoki alipopigiwa simu alilia hadi Wendy akachukua simu kuuliza ni nani amekufa. "Hakuna," Theuri akamwambia mjukuu wake. "Unajua kushika tochi? Tutachimba shimo refu." Wendy akasema anajua hata kuchimba.

Walipanga safari ya mwezi wa saba, wakati wa baridi, mti ukiwa umelala na majani yamepukutika. Kulikuwa na pikapu iliyoleta nyasi za ng'ombe kutoka Timau ikirudi tupu, na dereva alikubali kuwabeba, mtu na mti. Gari halikuweza kushuka kwenye kijia cha matope, likangoja juu barabarani. Salim alikuja na mkokoteni wa kuazima. Sumeya alikuja na chapati ndani ya gazeti. Kinyua, ambaye hakuna aliyemwita, alikuja na buti za mvua.

"Moja, mbili, inua!"

Pipa halikuinuka.

"Tena. Mdachi, umejaza mawe humu? Inua!"

Liligoma kabisa. Theuri alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya ukingo uliooza kwa kutu, akapapasa. Kitako cha pipa kilikuwa kimeliwa. Vidole vyake vikakuta kitu cha mviringo, kigumu, baridi, kinene kama kifundo cha mkono, kinatoka kwenye kilichokuwa tundu na kuzama ardhini. Halafu kingine. Halafu cha tatu.

Miaka minne bila Murugi wa kushika upande wa pili. Mti haukungoja ruhusa.

"Ni nini?" Kinyua aliuliza, akainama naye. Akaona. Akaanza kucheka taratibu, akiziba mdomo. "Mzee! Mti umejipanda!"

Theuri alikaa chini kwenye matope. Kwa miaka minne alikuwa amevunja sheria ya baba yake kila asubuhi, kwa kopo lake mwenyewe, huku anagonga pipa na kuuliza umeamka. Na mbingu hazikuanguka. Alianza kucheka naye, akacheka mpaka Sumeya akamwekea mkono begani, akidhani analia.

"Uache hapa," Kinyua akasema, sasa bila kicheko. "Kweli, Baba Njoki. Umeshashika. Ukiukata utakufa. Uache, na wewe ukae nao. Naapa hakuna mtu atawagusa."

Hapo ndipo palipomuuma. Aliutazama mti ulivyosimama, umejipatia ardhi bila kuomba, na nyumba nyuma yake, na moshi wa mwisho wa jiko lake ukijipenyeza kwenye mabati. Ingekuwa rahisi kabisa. Angerudi ndani, akavua viatu.

"Majira haya umelala," akasema. Alikuwa anasema na mti, au na Yosti, au na Murugi. "Ukikata chini, kata na juu, sawa kwa sawa. Usipokuwa na huruma, utaishi." Akanyoosha mkono. "Salim, nipe panga."

Alikata mizizi mitatu, kila mmoja kwa pigo moja, asiutese, wakautoa mti kwenye pipa bovu, pakabaki shimo. Kisha akasimama, akapunguza matawi, akachagua vijiti vinne vizuri, akavifunga kwa uzi wa Salim, akampa Kinyua.

"Hivi upandikize kwenye miche ya kienyeji. Nitakuelekeza kwa simu. Na hiyo iliyobaki chini," akaonyesha shimo, "usiing'oe. Hiyo ni ya baba yako. Ikichipuka, uiache."

Kinyua alivishika vile vijiti kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kanisani.

Wakauviringisha mzizi kwenye gunia lenye unyevu, wakaulaza mti mkokotenini, kichwa mbele. Theuri alienda bombani, akajaza kopo, akalimimina lote kwenye shimo, polepole, akizunguka. Kisha akalikung'uta, akalitia kwenye mfuko wa koti wenye kiraka kipya. Lilitosha sawasawa.

"Baba Njoki," Sumeya akasema, "na utarudi lini utusimulie?"

"Mje nyinyi. Kutakuwa na kivuli."

"Uongo! Timau ni upepo tu."

"Basi mje na makoti."

Kule juu dereva alipiga honi. Salim alivuta mkokoteni, Kinyua akausukuma, na Theuri akatembea kando, mkono mmoja kwenye shina lisiyumbe. Ukungu ulikuwa unaanza kuinuka kutoka mtoni. Walipofika kwenye matoka, pale kijia kinapotoka shambani, alipita katikati ya majani yake mapana bila kusimama, akashika njia ya kwenda juu, na Ruring'u hakurudi tena.